Presha ya mama nyumbani haifanani na ya kliniki: nifuate namba zipi?

BintiMkomani

Asalaam aleikum nyote. Mamangu ana miaka 63, tunakaa Mkomani, Lamu. Anatumia losartan, dawa ya presha, ya miligramu 50, kidonge kimoja kila asubuhi baada ya chai. Kliniki mara ya mwisho walimpata na 156/92. Nyumbani tuna mashine ya kufunga juu ya kiwiko, ile inayojijaza upepo yenyewe. Nampima mara mbili asubuhi kabla ya dawa na mara mbili jioni, na baina ya kipimo na kipimo naacha dakika moja. Daftari linasema hivi:

Jumatatu: asubuhi 164/88, 151/84. Jioni 148/82, 141/80.
Jumanne: asubuhi 152/86, 144/82. Jioni 138/78, 136/80.
Jumatano: asubuhi 149/85, 145/83. Jioni 140/80, 134/76.
Alhamisi: asubuhi 150/84, 142/82. Jioni 137/79, 133/77.

Ipi ndiyo presha yake? Kwa nini kipimo cha kwanza huwa juu kila mara? Na ya asubuhi mbona haishuki kama ya jioni? Tunavyompima: anapanda ngazi kutoka chini, anakaa ukingoni mwa kitanda, mkono anauweka pajani. Mkanda naufunga juu ya mkono wa dera kwa kuwa kitambaa ni chepesi.

Nesi_Langoni

Aleikum salaam mwanangu. Umefanya jema kuandika namba zote, hata zile za kutisha. Wengi huandika iliyowapendeza tu, na daftari la namna hiyo linampoteza daktari.

Nianze na hesabu, kisha nikwambie kwa nini hesabu yenyewe siiamini bado. Siku ya kwanza huachwa nje. Mtu hajazoea mashine, mkanda ukimbana anashtuka, na mshtuko huo hupandisha presha. Toa Jumatatu yote. Zitabaki namba 12 za siku tatu. Za juu jumla yake ni 1,700, gawanya kwa 12 upate kama 142. Za chini ni 972, gawanya kwa 12 upate 81. Basi kwa daftari hili presha ya mama ni 142/81. Ile 164 isikutoe roho, na 133 nayo isikupumbaze. Presha hubadilika kwa kila pumzi na kila wazo, hata hodi ya mlangoni huitikisa, ndiyo maana twataka wastani. Kipimo cha kwanza kuwa juu ni jambo la watu wengi mno, na hiyo ndiyo sababu ya kupima mara mbili. Lakini viandike vyote viwili, usichague.

Mpaka wa nyumbani si ule wa kliniki. Kliniki twaanza kusema presha iko juu ikifika 140/90. Nyumbani, ambako mtu ametulia, mpaka ni 135/85. Ikivuka namba moja kati ya hizo mbili, imevuka. Kwa hivyo ya mama imevuka kwa namba ya juu, ingawa ya chini iko ndani. Mtu akipita miaka 60 twakutana na hali hii sana: mishipa mikubwa hukakamaa, haitanuki moyo unaposukuma damu, namba ya juu ikapanda na ya chini ikabaki pale pale au kushuka. Namba ya juu peke yake inatosha kuleta kiharusi na kuharibu figo, kwa hivyo isipuuzwe ati kwa kuwa ya chini ni nzuri.

Sasa upimaji. Hapo mwanangu pana mambo manne, na yote yanasukuma namba upande mmoja: juu.

Ngazi za nyumba za Mkomani ni kali. Akifika juu akafungwa mkanda papo hapo, unapima ngazi. Apumzike kwanza. Baada ya kazi nzito au mwendo mrefu ni nusu saa. Hata kama hakutoka, ni dakika 5 kamili za kukaa kimya, bila simu wala televisheni, kabla ya kubonyeza kitufe.

Ukingo wa kitanda hauna pa kuegemea, na mara nyingi miguu inaning'inia. Misuli ya mgongo ikijikaza, presha inapanda. Tafuta kiti chenye mgongo, aegemee, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, asikunje nne. Wengine hupimwa wameketi mkekani miguu imekunjwa. Hiyo nayo haifai.

Mkono pajani. Katikati ya mkanda panatakiwa pawe sawa na moyo, yaani usawa wa katikati ya kifua. Mkanda ukishuka sentimita 10 chini ya moyo, namba huongezeka kama 7 au 8, na sababu yake ni uzito wa damu tu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins uliochapishwa 2024 ulilinganisha mikao: mkono ukiwa pajani namba ya juu iliongezeka kama 4, na ukining'inia kando kama 6 na zaidi. Ukiondoa 4 kwenye 142 ya mama unapata 138, karibu na mpaka. Ujue basi kosa dogo namna hii laweza kumwongezea mtu dawa asiyoihitaji. Weka mkono juu ya meza, na kama meza ni fupi tia mto chini yake. Na uegemezwe kweli: akiushikilia mwenyewe hewani, misuli inakaza na namba inapanda tena.

Dera. Mkanda unafungwa juu ya ngozi. Kitambaa kikiwa chepesi bado kinakunjamana chini ya mkanda. Na usikunje mkono wa nguo mpaka ukabana juu kama kamba, hilo ni baya zaidi. Autoe mkono nje ya dera, au ajifunge leso tu wakati wa kupima.

Kuna mengine hukuyataja. Aende haja ndogo kwanza. Kibofu kilichojaa chaweza kuongeza 10 au zaidi. Kahawa chungu, sigara, tambuu yenye tumbaku na miraa, vyote viwe mbali na kipimo kwa nusu saa au zaidi. Miraa hasa, kwa kuwa inapandisha presha na mapigo kwa saa kadhaa. Asubuhi apimwe ndani ya saa moja tangu kuamka, kabla ya chai na kabla ya dawa. Na mashine ikianza kuvuma, kimya. Ukimwuliza leo tupike nini naye akakujibu, namba yaweza kupanda 10 kwa maneno tu.

Nipimie mkono wa mama kwa tepu ya fundi cherehani: katikati baina ya ncha ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Kisha soma mkanda umeandikwa sentimita ngapi. Nina shaka napo.

Ami_Shela

Nesi, samahani naingilia. Wazee wetu walikuwa wakisema namba ya juu ni 100 ujumlishe umri, kwa hivyo mama wa miaka 63 hata 160 ni sawa. Bado hesabu hiyo inatumika?

Nesi_Langoni

Haitumiki, ami yangu, na imeshawapa watu wengi viharusi. Presha hupanda na umri kwa watu wengi, hilo ni kweli, lakini madhara nayo hupanda pamoja nayo. Utafiti wa HYVET uliochapishwa 2008 ulichukua wagonjwa wa miaka 80 na zaidi ambao namba ya juu ilikuwa 160 kwenda juu. Waliopewa dawa walifariki wachache kuliko wasiopewa, tofauti ya karibu mmoja kwa watano. Ikiwa mtu wa miaka 80 anafaidika hivyo, wa 63 hana sababu ya kuachwa na 160. Kwa mzee dhaifu sana, anayeona kisunzi akisimama, daktari hulegeza lengo kidogo. Hilo ni la daktari kuamua kwa kumtazama mgonjwa.

Fundi_Vipimo, Malindi

Niseme upande wa mashine, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Mashine hizi hazisikilizi kitu kama anavyosikiliza daktari kwa stetoskopu. Nyingi hujaza mkanda mpaka mshipa ufungwe, kisha huachia upepo polepole huku zikipima mtikisiko mdogo ambao ukuta wa mshipa unautia ndani ya upepo ule. Mahali mtikisiko unapokuwa mkubwa kabisa ndipo penye presha ya wastani. Namba ya juu na ya chini zinatolewa kwa hesabu aliyoiweka mtengenezaji, na kila mtengenezaji ana yake. Kutokana na hilo utaelewa mambo matatu. Mkono ukitikisika, mashine inadhani ni mshipa. Mapigo yakiwa hayana mpangilio, hesabu inayumba. Na mkanda wa kampuni nyingine usiuchomeke kwenye mashine yako hata kama mpira unaingia, kwa kuwa hesabu ile ilitengenezwa kwa mkanda wake.

Mashine mbili nzuri zikitofautiana 4 au 5 si ubovu. Kiwango cha kimataifa cha kuzipitisha kinaruhusu wastani wa tofauti usiozidi 5 ukilinganisha na kipimo cha wataalamu. Kabla ya kununua, soma namba ya modeli iliyoandikwa chini ya mashine, uitafute kwenye orodha ya STRIDE BP mtandaoni. Orodha hiyo inataja mashine zilizofanyiwa majaribio huru na kufaulu. Bei kubwa si ushahidi, na maneno mazuri kwenye sanduku si ushahidi pia.

Ya mkono wa chini, ile inayofungwa kama saa, siishauri isipokuwa kwa mtu ambaye mkono wake wa juu ni mnene kupita mikanda yote. Mishipa ya pale ni myembamba na mkao ukikosea kidogo tu namba inaruka. Lazima kifundo kiinuliwe mpaka usawa wa moyo na kitulie. Ya kidoleni iacheni. Programu za simu zinazodai kusoma presha kwa kuweka kidole juu ya kamera nazo ziacheni kabisa. Nimeona watu wakipunguza dawa kwa namba za aina hiyo na inaniumiza.

Kuikagua mashine: nenda nayo kliniki. Mkono ule ule, mkao ule ule, pima kwa mashine yao, kisha yako, kisha yao tena, dakika moja baina yake. Chukua wastani wa zile mbili zao ulinganishe na yako. Rudia. Ikizidi 10 kila mara, mashine yako au mkanda una tatizo, na ukague mpira kwanza: ukipinda au ukipasuka karibu na kichomeko, upepo unavuja na mashine inajaza mara mbili mbili kisha inatoa alama ya hitilafu. Fanya hivyo mara moja kwa mwaka, na kila inapoanguka.

Sisi wa pwani tuna adui mmoja ambaye vijitabu vya mashine havimtaji: hewa ya chumvi. Miguu ya betri inaota kutu ya kijani, umeme unafika nusu nusu, pampu inachoka katikati ya kujaza. Mashine isiyotumika kwa wiki mbili tatu itoe betri. Kutu ikianza, sugua kwa kitambaa kikavu chenye spiriti kidogo, iache ikauke. Ihifadhi ndani ya mfuko uliofungwa, usiiache dirishani. Betri ziwe alkalaini, zote mpya kwa pamoja. Mpya mbili na kuukuu mbili ni kupoteza pesa. Wanaotumia sola wasome volti zilizoandikwa karibu na tundu la umeme. Nyingi zinataka volti 6. Ukiipa 12 moja kwa moja umeiua.

BintiMkomani

Ahsanteni sana. Mkono wa mama ni sentimita 35. Mkanda umeandikwa 22–32. Nesi ulijua!

Nimempima mikono yote miwili kwa mkao mliosema, kwa mkanda huo huo: kulia 150/84, kushoto 143/82. Pia siku nyingine kioo kinaonyesha alama ya moyo inayopepesa kando ya namba. Kijitabu kimepotea.

Fundi_Vipimo, Malindi

Basi mkanda ni mdogo. Ukiutazama vizuri una mistari miwili ya kuonyesha kiasi, na ukingo wake kwa mama utakuwa unaishia nje ya mistari hiyo. Mfuko wa upepo ulio ndani unatakiwa uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Ukiwa mfupi, nguvu haifiki sawasawa kwenye mshipa, mashine inabana zaidi mpaka mshipa ufunge, na namba inatoka juu kuliko ilivyo. Watu wa mkanda mkubwa wakipimwa kwa mkanda wa kawaida, namba ya juu huzidi kwa kama 5. Wa mkanda mkubwa zaidi huzidi karibu 20. Kinyume chake pia kipo: mkanda mpana kwa mkono mwembamba hushusha namba, na hilo ni la hatari kwa kuwa linamtuliza mtu asiyepaswa kutulizwa.

Tafuta mkanda wa kampuni ile ile wa 32–42, au ule mpana wa 22–42 kama wanautengeneza kwa modeli yako. Mpeleke muuzaji picha ya chini ya mashine yenye modeli, na picha ya kichomeko cha mpira.

Ukiufunga: ukingo wa chini ukae sentimita 2 au 3 juu ya kunjo la kiwiko, alama ya mshipa au mpira uelekee ndani ya mkono upande wa kidole cha mwisho, mbali kidogo na katikati, pale unapohisi mshipa ukigonga. Ubane kiasi kwamba vidole viwili vinapita chini yake kwa taabu kidogo. Ukilegea, unafura kama puto katikati na kubana pahala padogo, na namba inapanda.

Nesi_Langoni

Mikono miwili kutofautiana kidogo ni kawaida. Mara ya kwanza pima yote miwili, uirudie siku mbili tatu, kisha fuata daima mkono wenye namba kubwa zaidi. Kwa mama, kwa sasa, ni wa kulia. Ikiwa ulikuwa ukimpima kushoto, andika hivyo kwenye daftari ili daktari ajue. Tofauti ikizidi 10 kila mara mwambie daktari. Ikizidi 20 usingoje tarehe ya kliniki, kwa kuwa huenda mshipa wa mkono wenye namba ndogo umebanwa ndani. Mkono wenye njia ya kusafishia damu kwa mgonjwa wa figo, au upande alikotolewa titi pamoja na tezi za kwapani, haupimwi.

Hiyo alama ya moyo. Kwenye mashine nyingi ina maana mapigo hayakuwa na mpangilio wakati wa kipimo, lakini kwenye nyingine moyo unaopepesa ni mapigo tu yakihesabiwa. Tafuta kijitabu kwa namba ya modeli. Pamoja na hayo tumia vidole vyako: vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo, upande wa kidole gumba, uhesabu dakika nzima. Sikiliza mwendo wake. Pigo moja likiruka hapa na pale si jambo la kukimbilia. Mwendo mzima ukiwa hauna utaratibu, mara mbio, mara pole, bila mpango, mpeleke apimwe umeme wa moyo. Hospitali kubwa ya King Fahd hapa mjini pa kuanzia papo. Kuna aina ya moyo kwenda ovyo inayozidisha hatari ya kiharusi kama mara tano, na ina dawa yake mbali na ya presha. Mpaka hapo, pima mara tatu kila kikao badala ya mbili, kwa kuwa mashine inabahatisha zaidi.

Mfamasia_Barani

Dada, nijibu la asubuhi. Ukitenganisha daftari lako bila Jumatatu, asubuhi wastani ni 147/84 na jioni ni 136/78. Tofauti ya 11. Presha kwa kawaida hupanda mtu anapoamka, lakini hapa pana jambo la pili: kipimo cha asubuhi kabla ya dawa kinapima dawa ya jana ilipobakia. Losartan kwa baadhi ya watu haifiki saa 24 ikiwa na nguvu yote. Daktari akiona daftari lenye asubuhi na jioni zimetenganishwa, anaweza kugawa dozi, kuongeza kiasi au kuongeza dawa ya pili. Mkitenda wenyewe mtampotezea picha. Kidonge cha pili cha jioni msimpe kwa kuona 150, na akisahau kimoja asimeze viwili kesho yake.

Kabla ya kusema dawa haifanyi kazi, tazameni kabati. Dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen hupandisha presha, hupunguza nguvu ya losartan, na zikitumiwa pamoja kwa muda mrefu zinachosha figo. Wazee wetu wa magoti huzinunua kama peremende, nami nawasihi waulize kwanza. Vidonge vya kuyeyusha majini vinavyotoa povu vina sodiamu nyingi. Dawa za mafua zinazofungua pua nazo zinabana mishipa.

Chumvi: Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa vyakula vyote pamoja. Papa mkavu na ng'onda, achari, unga wa mchuzi wa dukani, magadi kwenye mboga na mkate, vyote vinaingia kwenye kijiko hicho. Samaki wa chumvi aroweke, amwage maji, aroweke tena. Na ile chumvi mbadala yenye potasiamu asiitumie bila kumwuliza daktari, kwa kuwa losartan tayari inabakiza potasiamu mwilini.

Msimu nao unachangia. Kaskazi ikichoma, mishipa inatanuka, jasho linatoka, presha ya watu wengi inashuka kidogo. Kusi likiingia inapanda tena. Akianza kuona kisunzi katika joto kali, mpime ameketi, kisha asimame, mpime baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, daktari ajue.

Mama_Faza

Mkaza mwanangu ana mimba ya miezi saba. Tumempima nyumbani mara mbili leo: 146/94, na baada ya mapumziko 144/92. Kichwa kinamuuma kidogo. Tungoje kliniki ya wiki ijayo?

Nesi_Langoni

Msingoje, dada yangu. Nendeni leo hii, boti ya kwanza mnayoipata. Kwa mja mzito 140/90 si ya kuhesabia wastani wa wiki. Baada ya wiki 20 za mimba, presha ya kiasi hiki yaweza kuwa kifafa cha mimba kinaanza, na lazima apimwe mkojo na damu. Kichwa kinachouma kinanitia hofu zaidi. Akiona vimulimuli machoni, akiumwa juu ya tumbo upande wa kulia, akivimba uso ghafla, au namba ikifika 160/110, ni dharura ya saa hiyo. Beba kadi yake ya kliniki na mwandike namba zote mbili pamoja na saa mlizopima. Nijulishe mkifika.

Mfamasia_Barani

Kwa wengine wote wasio wajawazito: ukiona 180/120 au zaidi, kaa, pumzika dakika 5, pima tena. Ikiwa pamoja na namba hiyo kuna maumivu ya kifua, kukosa pumzi, udhaifu wa upande mmoja, mdomo kupinda, maneno kuvurugika, kuona kupotea au kuchanganyikiwa, usipime tena, nenda hospitali. Ishara za kiharusi ni za kukimbilia hata kama mashine inasema 140. Namba ikiwa hivyo bila ishara yoyote, onana na daktari siku hiyo hiyo. Na msimpasulie mtu kidonge cha nifedipine chini ya ulimi ili ishuke haraka. Ikishuka ghafla, damu haifiki kwenye ubongo, na kiharusi mlichokikimbia ndicho mnachokileta.

Mama_Faza

Tumefika, wamempokea na kumlaza. Mkojo umekutwa na protini. Mwenyezi Mungu akulipeni.

Nesi_Langoni

Alhamdulillahi. Mfuate mtakavyoambiwa, na akijifungua presha yake iendelee kupimwa, kwa kuwa hatari haiishi siku ya kuzaa. Wiki za kwanza baada yake bado ni za kumwangalia.

BintiMkomani

Swali langu la mwisho. Mkanda wa 32–42 nimeupata, nitaanza wiki mpya. Mama hufunga Jumatatu na Alhamisi. Siku hizo nimpime saa ngapi na dawa anywe lini?

Mfamasia_Barani

Mpime alfajiri akishaamka na kwenda haja, kabla ya daku. Jioni mpime kabla ya futari, akiwa amekaa dakika 5. Usimpime mara tu baada ya kufuturu: tumbo likiwa na kazi presha ya wazee hushuka kwa saa moja au mbili. Andika neno "saumu" kando ya namba za siku hizo, kwa sababu ile ya kabla ya futari yaweza kuwa chini kwa kukosa maji, na daktari asipojua atadhani dawa inamtosha.

Losartan anaweza kuinywa wakati wa daku, ambao hauko mbali na saa yake ya kila siku. Kama siku moja ataongezewa dawa ya kukojoza maji, waulize kuhusu saa yake kabla ya kufunga, kwa kuwa ikinywewa daku inamkausha mchana kutwa. Akiona kisunzi au namba ya juu ikawa chini ya 90, afungue.

Ukimaliza siku 7, acha ya kwanza, tengeneza wastani wa aina tatu: wote, wa asubuhi, wa jioni. Andika pia ukubwa wa mkanda, mkono uliopima, na dawa zote anazomeza pamoja na za maumivu. Baada ya hapo usimpime kila saa. Presha ikishatulia, mara moja au mbili kwa wiki inatosha, na wiki nzima kabla ya kila kliniki.

BintiMkomani

Nimeandika yote nyuma ya daftari. Naanza kesho alfajiri, inshallah, kwenye kiti cha sebuleni, mkono wa kulia.